Mashini Iliyooga Jumatatu

Jumanne asubuhi, Karangwa alibonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta ya mkononi kwa mara ya tisa, na kwa mara ya tisa ukamtokea ukurasa uleule wa buluu, maandishi meupe ya Kiingereza kuanzia juu mpaka chini. Akazima. Akawasha. Feni ikavuma, taa ndogo ikawaka, akabana pumzi. Buluu.

"Lakini weye uko na shida gani?" akaiuliza mashini.

Mkewe Emerance alikuwa mlangoni akifunga furushi la viatu vya mitumba, maana soko la Kamembe halimngoji mtu. "Papa Reine," akasema, akimwita kwa jina la binti yao, "uiache ipumzike kidogo. Labda imechoka."

"Mashini haichokake."

"Haichoke na uko unaipiga-piga tangu saa kumi na mbili?"

Nyuma ya meza, juu ya kigoda, mama yake Karangwa, bibi Védastine, alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua macho. "Mi jana niliiogesha muzuri," akasema. "Nilipitisha muswaki kati ya bouton zote, nikaianika ku jua. Kama ni uchafu, hapana, uchafu haiko."

"Maman, tafazali," Karangwa akasema bila kugeuka. "Tuko mu mambo ya kazi."

Haya, sikiliza. Maneno hayo yalisemwa, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka, mbele ya chai, na watu wawili wazima wakiwa hapo na masikio yao. Nayataja mapema ili baadaye mtu asije kuniambia kwamba bibi alificha. Jumatatu ilikuwa zamu ya nyumba hiyo kupokea shirika, wale majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, na kwa bibi Védastine wageni wa sala hawaingii kwenye nyumba yenye vumbi. Aliosha viti, akaosha thermos, akasugua soli za viatu vya mwanawe mpaka zikawa nyeupe. Alipofika kwenye meza ya sebuleni akaikuta kompyuta imelala chini ya kitambaa chake cha kufuma. Angeirukaje? Akachovya mswaki mkuukuu kwenye povu la sabuni ya kufulia, akaisugua kitufe kwa kitufe, akaisuuza kidogo, akaiegemeza juani kama anavyoegemeza sahani. Karangwa alikuwa msibani Gashonga siku nzima. Aliporudi na kuiona inang'aa, alisema nyumba imependeza, basi, akaenda kulala.

Na ndani ya mashini hiyo mlikuwa na miezi mitatu ya kazi. Mradi mmoja wa utafiti ulikuwa umerekodi wazee ishirini na wanne wa pande za Rusizi, huku Rwanda mpakani na Kongo, watu waliokulia Kongo wakarudi, wakisimulia maisha yao kama wanavyosema kila siku: sentensi inaanza kwa Kiswahili, inapita kwenye Kinyarwanda, inaishia kwenye Kimashi. Karangwa alilipwa kuwasikiliza na kuandika kila neno. Siku ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa saa sita mchana. Waandishi walikuwa watatu, na yule ambaye angekabidhi kazi iliyokamilika ndiye angepewa mkataba wa mwaka mzima. Mwaka mzima! Nyumba hiyo ilikuwa imekula viatu vya Emerance kwa miaka miwili, na Karangwa alikuwa ameshaanza kusalimia watu kama mtu mwenye mshahara.

"Lakini kopi si ziko?" Emerance akauliza, furushi tayari kichwani. "Mademoiselle Chloé si alikuambia umutumie kila wiki?"

Karangwa akakuna shingo. Mega za intaneti alizopewa na mradi kwa ajili ya kutuma kopi zilikuwa zimeishia kwenye mpira wa Ulaya, zote, wiki baada ya wiki, na kila Jumatatu alikuwa akimwandikia Mademoiselle Chloé, msimamizi wa mradi, kwamba mtandao unasumbua.

"Réseau ilikuwa mubaya," akasema.

Emerance akaweka sawa furushi lake, akaenda zake sokoni.

*

Kibanda cha Jean-Paul kiko karibu na kituo cha mabasi, na mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu kwamba yeye ni daktari wa mashini zote. Karangwa alisimama humo nusu saa, maana kiti kilikuwa kimoja na juu yake alikaa mama mmoja mnene aliyekuja na simu yenye kioo kilichopasuka. Jean-Paul alikuwa akiongea na simu yake mwenyewe, anacheka, anazunguka, anamwonyesha Karangwa kidole cha subiri. Kijana huyo hajafika hata miaka thelathini.

"Mzee, lete," akasema hatimaye. Karangwa ana miaka arobaini na sita, na lile neno lilimchoma.

Jean-Paul akawasha, akaona buluu, akazima. "Iliingia maji?"

"Maji? Kwangu hakuna batoto badogo. Hii mashini tunaifunika na kitambaa. Ata tone moja ya maji haijaigusa, naapa."

"Banaapaka bote," akasema yule mama wa simu, bila kuulizwa na mtu.

"Basi ni diski," Jean-Paul akasema. "Imekufa, ama iko inakufa. Tutafomata, tuweke système mupya. Elfu makumi mbili na tano."

"Na bintu ya ndani?"

"Bintu ya ndani inaenda."

Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Karangwa akaivuta kompyuta kwake na kuikumbatia kwa mikono miwili. "Hapana. Iache vile iko."

"Sawa, Mzee. Kuangalia tu ni elfu mbili."

Elfu mbili kwa kubonyeza kitufe! Karangwa alikuwa na mia nane mfukoni. Ikabidi ampigie mkewe sokoni amtumie kwa simu, na Emerance, huku akimpimisha mteja kiatu, akauliza kwa sauti kubwa elfu mbili za nini, na sauti yake ikatoka kwenye simu, na yule mama mnene akasikia kila kitu. Karangwa akageukia ukuta mpaka pesa zilipoingia.

Mchana alipofika nyumbani, Emerance alikuwa amepita kuchukua viatu vingine, na bibi alikuwa akipakua. "Ulimuambia ule kijana kama niliiogesha?" bibi akauliza.

"Maman, ile ni diski! Diski iko ndani, ndani kabisa! Haina mambo na kuogesha!"

"Mi nauliza tu."

"Basi usiulize!"

Emerance alisikia. Kijiko kilisimama karibu na mdomo wake, akamtazama mama mkwe, akaitazama mashini, kisha akakirudisha kwenye sahani. Mwanamke aliyeolewa hamwambii mumewe kwamba mama yako ndiye aliyeharibu. Neno kama hilo linakaa nyumbani miaka kumi, kila siku linatafuta pa kutokea. Akanyamaza, akamaliza maharagwe yake.

*

Jioni hiyo Emerance alimpigia Bashige. Bashige ni wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ndiye anayemvushia viatu kila Alhamisi, na siku nyingine anatengeneza mashini nyumbani kwake. "Aniletee kesho asubuhi," Bashige akasema. "Nitaiangalia bila kugusa kitu ya ndani."

Basi Jumatano Karangwa akaifunga kompyuta kwenye shuka, akaitia begini, akashuka mpakani. Mama wenye mabeseni ya nyanya walikuwa wakipita kwa haraka, wengine wanarudi tayari, yeye bado yuko kwenye foleni. Ofisa wa forodha alikuwa na adabu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

Ofisa akaigeuza. Kwa chini kulikuwa na kibandiko chenye jina la mradi, namba, na maneno ya kusema kwamba mali hii haiuzwi. Akasoma chote, taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Ni yangu ya kazi," Karangwa akasema.

"Nimeelewa, Mzee. Unaenda nayo wapi?"

"Kuitengenezesha, na mchana narudi nayo."

"Sasa kuirudisha utasema ulitoka nayo, na karatasi huna. Lete barua ya mwenye mali, ipite bila shida." Akamrudishia kwa mikono miwili. "Ni dakika tano tu, si unampigia?"

Ampigie! Na angemwambia nini? Karangwa akasimama kando ya barabara, begi kifuani, na kabla hajafuta hata jasho, simu ikalia. Mademoiselle Chloé mwenyewe. Binti huyo angeweza kuwa mtoto wake wa kumzaa, na kila alipoona jina lake kwenye simu Karangwa alikuwa akijikuta amesimama wima.

"Papa Karangwa, bonjour. Tuko sawa kwa Ijumaa?"

"Sawa kabisa, Mademoiselle. Bado kidogo tu, kupanga-panga."

"Très bien. Na kitu kimoja. Zile kurasa kumi ulinionyesha mwanzoni, uliandika 'haisikiki' mara nyingi sana. Karibu kila ukurasa iko."

"Bale bazee hawana meno, Mademoiselle. Banasema ndani ya tumbo."

"Najua, Papa. Lakini rudia kusikiliza. Tunalipa juu ya kusikiliza."

"Ndiyo, Mademoiselle."

Kisha Karangwa akampigia Emerance, akamweleza ya mpakani, na baada ya muda mfupi Emerance akapiga tena. Amesema na Bashige. Bashige hana shida, kama mashini haivuki, yeye atavuka, kesho ni siku yake ya viatu, saa nane atakuwa nyumbani. "Ungoje tu, Papa Reine. Kesho saa nane."

"Kesho ni Alhamisi! Ijumaa ni kesho kutwa! Na kama akija na hawezi?"

"Ungoje, nakuomba."

"Weye unauza viatu, mambo ya mashini unajua nini?" akasema, akakata simu.

Lo, mtu akishachanganyikiwa haoni hata mlango ulio wazi. Alipanda pikipiki moja kwa moja mpaka kwa Jean-Paul. Safari hii Jean-Paul alimpa kiti. "Nitaichomoa diski," akamweleza, "naifungua ku mashini yangu, nakopia documents zote ku flash. Zote. Halafu njo nafomata. Hautapoteza kitu, Mzee. Kesho saa nne unakuja kuchukua."

"Zote?"

"Documents zote, nimesema."

Karangwa akatoa elfu ishirini na tano. Zilikuwa pesa za Emerance za mzigo wa Alhamisi, alizozichukua asubuhi kwenye kopo la sukari akijiambia ni za dharura ya mpakani.

*

Alhamisi asubuhi, akivaa viatu, mama yake alimfuata mpaka mlangoni. "Karangwa, mwanangu. Ile sabuni niliyo..."

"Nitarudi, Maman," akasema, akafunga mlango.

Kwa Jean-Paul mashini ilikuwa mezani, imefutwa, imefungwa vizuri. Jean-Paul akaiwasha kwa madaha, kama mtu anayefunua sufuria ya nyama.

Buluu.

Akazima, akawasha. Buluu. Akaipiga kidogo ubavuni.

"Ah," akasema. "Basi si diski. Ni carte-mère."

"Carte-mère ni nini?"

"Ile bodi kubwa ya ndani. Hiyo haitengenezwake. Ununue mashini ingine."

Karangwa alihisi masikio yanapata moto. "Nipe flash yangu," akasema. "Uniwekee hapa, nione."

Jean-Paul akaichomeka kwenye mashini yake. Zikatokea picha za Reine siku ya komunyo, ripoti zake za shule, barua kumi na moja za Karangwa za kuomba kazi. Karangwa akasoma kila jina, akarudia kutoka juu.

"Wazee iko wapi?"

"Wazee gani?"

"Dossier. Inaitwa Wazee. Kazi yangu yote iko mule."

"Ilikuwa mu Documents?"

"Hapana, ilikuwa peke yake. Mademoiselle aliiweka pembeni, ku diski, ili isichanganyike na bintu yangu."

Jean-Paul akainua mikono. "Mi nilikopia Documents, kama tulivyosema. Kazi ya muntu kama haiko mu Documents, mi nitajua iko wapi, Mzee?"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka. Si kwa ubaya, lilikuwa tu jibu la kuchekesha. Karangwa naye alijikuta ametabasamu, uso ukibaki hivyo kwa sababu hakujua la kuufanya.

"Na sasa iko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilifomata, Mzee. Ulisema nifomate."

*

Saa nane Bashige aliingia na gunia la viatu begani, akalitua, akasalimia kuanzia kwa bibi, akaomba maji ya kunawa. Mwanamume mfupi, mpole, kucha safi. Karangwa alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono kati ya magoti, hajavua hata koti. Emerance alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa ameshafungua kopo la sukari pia, akaona pesa hazipo.

Bashige hakuiwasha mashini. Aliinua, akaipeleka puani.

"Hii inanukia sabuni," akasema.

Bashige akaanza kubonyeza vitufe kimoja kimoja kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayechagua avokado. Kila kimoja kilishuka na kupanda. Akafika mstari wa juu, kitufe cha pili kutoka kushoto. Kilishuka hakikupanda.

"Mwenye kosa njo huyu. Ukikamata hii bouton wakati mashini inawaka, inakuleta ku ile buluu. Ni sawa unaiambia: usiende, unionyeshe kwanza vile uko. Hapa hakuna muntu anaikamata. Sabuni njo inaikamata."

Akatoa kisu chembamba, akakiinua kitufe. Chini yake kulikuwa na ukoko mweupe, mkavu, kiasi cha punje ya mchele. Akaufuta kwa pamba na alkoli, akakirudisha kitufe, akawasha. Mashini ikawaka bila buluu, ikafunguka yote, safi kabisa, tupu kama nyumba ambayo watu wamehama. Akajaribu kutafuta yaliyofutwa, akajaribu kwa nusu saa, akatikisa kichwa. Jean-Paul alikuwa ameandika système mpya juu ya kila kitu.

"Sasa, nani aliiogesha?" Bashige akauliza, kwa kutaka kujua tu.

"Mimi," bibi Védastine akasema.

Karangwa akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Weye, Maman? Na ulinyamaza? Siku tatu niko nakimbia sawa kichaa, nilifukuzwa ku mupaka, nilichekwa ku gare ya mabasi, nililipa makuta yote, na weye ulikaa hapa na maharagwe yako ukanyamaza?"

Bibi akashika ncha ya kitenge chake, akaanza kuikunja. Kwa miaka yote aliyokaa humo hakuna aliyewahi kumpigia kelele mbele ya mgeni.

"Hakunyamaza," Emerance akasema.

"Weye usiingie!"

"Naingia. Alisema Jumanne asubuhi, mbele ya chai. Ukasema tuko mu mambo ya kazi. Alisema tena mchana, ukamukatalia kuuliza. Leo asubuhi alikufuata mpaka ku mlango, ukamufungia. Alisema mara tatu, Papa Reine. Na mimi nilisikia zote." Akakiinua kiti kilichoanguka. "Mimi nilisikia na nikanyamaza. Niliogopa utasema namushitaki mama yako. Kama unatafuta muntu alinyamaza mu hii nyumba, ni mimi."

Bashige alikuwa akiangalia viatu vyake. Alipoulizwa bei alisema elfu tatu, na hiyo elfu tatu ilimuuma Karangwa kuliko ile ishirini na tano.

*

Ijumaa alifika kwa Mademoiselle Chloé saa tano, akiwa na kompyuta inayofanya kazi vizuri na hana kitu kingine cha kukabidhi. Alikuwa ameandaa maelezo njiani: diski, fundi, umeme wa mtaani. Chloé alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Na kopi za kila wiki, Papa? Mega tulikuwa tunakupa."

Karangwa akatazama dirishani. Ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani, akaifuata kwa macho mpaka ikapotea nyuma ya mabati. "Mpira," akasema. "Nilitazama mpira, Mademoiselle."

Kalamu aliyokuwa nayo Chloé akaiweka chini, akaichukua tena. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka, na Karangwa angependa zaidi kama angekasirika.

"Mkataba wa mwaka siwezi," akasema. "Mwenzako alileta saa tatu, imekamilika. Sauti zenyewe niko nazo, hazikupotea. Lakini mkataba umekwenda."

"Nimeelewa."

"Kuna bazee sita." Alisema kama mtu asiyetaka kusema. "Bale bazee sana. Mwenzako pia ameandika 'haisikiki' tupu, na wa tatu vilevile. Sita hizo kwangu hazina faida. Ukiziandika zote, bila hiyo 'haisikiki', nitakulipa kazi ya mwezi mmoja. Zaidi ya hapo sikuahidi kitu."

Karangwa akapokea flash kwa mikono miwili, mtu mzima mbele ya binti, akasema asante mara mbili.

*

Jumatatu asubuhi Emerance aliondoka mapema, hana mzigo mpya, maana gunia la Alhamisi lilirudi na Bashige kwa kukosa pesa, anaenda kuuza mabaki. Hakumwambia mumewe kwa heri, ila alimwachia chai. Tangu Alhamisi bibi Védastine hakuwa amesema ila maneno ya lazima: karibu, chumvi, mvua. Alikaa kwenye kigoda chake kilekile na ungo wake, na kitambaa cha kufuma hakukirudisha juu ya mashini. Alikuwa amekikunja, amekiweka kwenye kabati.

Karangwa akafungua sauti ya kwanza. Mzee huyo alirekodiwa Gashonga, ana miaka tisini na kitu, anaongea kama anatafuna. Karangwa akasikiliza sentensi, akairudisha. Akairudisha tena. Vifaa vya masikioni vilikuwa vimekufa tangu mwezi wa kwanza wa kazi, kwa hiyo sebule nzima ilijaa yule mzee, anamumunya, anakatwa, anaanza upya. Mara ya tano, Karangwa akapiga meza kwa kiganja.

"Huyu anasema nini, Mungu wangu!"

Maharagwe yaliendelea kuanguka kwenye ungo. Akaandika h, akaandika a, akaandika i. Vidole vikasimama. Akakumbuka Ijumaa mbele ya Chloé, akakumbuka kiganja cha mama yake kikikunja kitenge. Akageuza kiti kizima.

"Maman."

"Mmm."

"Huyu mzee. Weye unamusikia?"

Bibi alichambua maharagwe matatu mazima kabla ya kujibu. "Anasema bibi yake alivuka maji na sufuria ku kichwa," akasema, "na bantu bakazania mule muko unga. Mule mulikuwa mutoto."

Karangwa akairudisha sauti, akasogeza sikio. Ilikuwa hapo, neno kwa neno, sufuria, unga, mtoto. Angewezaje kutoisikia?

"Ulijuaje?"

"Nilijuaje!" Sasa bibi akainua macho, na yalikuwa na hasira, hasira ya siku nyingi. "Miezi tatu uko unamurudisha huyu muntu mu masikio yangu, asubuhi mpaka jioni, mi nitakosa kujua? Bote nabajua. Huyu wa sufuria, ule mama wa Muganza, ule anayeliaka. Nilikuambia mu mwezi wa kwanza, huyu anasema sufuria. Ukasema, Maman, uko unaniharibia kazi."

Hakukumbuka. Hilo ndilo lilimmaliza, kwamba hakukumbuka hata kidogo. Alifuta zile herufi tatu, akaandika sufuria na unga na mtoto. Kisha akainuka, akakishika kigoda mama yake akiwa ameinuka nusu tu, akakileta karibu na meza, upande wa spika. Bibi akakaa, akapanga ungo wake magotini, hakusema asante wala nini.

Karangwa akabonyeza. Mzee akaendelea, akafika mahali akatoa sauti nzito, ndefu, isiyoeleweka. Karangwa akairudisha. Akairudisha tena.

"Na hapa, Maman? Hapa anasema nini?"

"Hapo?" Bibi akamtazama kama anavyomtazama tangu alipokuwa na miaka minne. "Hapo anakohoa tu, mwanangu. Andika."

Akaandika: anakohoa.